Taa Ziende, Mwenyewe Abaki

"Elsie, ukitaka kusikia, sikia. Usije ukampa yule mzee mtoto wako ambebe. Yule ni maiti."

Seline aliyasema hayo akiwa ameinama, anaosha mdomo wa mtungi wake pale bombani Nyalenda. Ilikuwa asubuhi ya kwanza Elsie kutoka nje na mtoto tangu ajifungue, mwaka wa themanini na nane. Akacheka. Alidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni, kwa sababu huyo maiti mwenyewe alikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka foleni ya maji, ameketi juu ya sanduku mbele ya kibanda chake cha mabati. Alikuwa ameshika kitu kidogo cha shaba, anakipuliza, anakiangalia juani kwa jicho moja, na huku anapiga mluzi.

"Maiti gani anapiga mluzi?"

"Cheka tu, Mama. Ana kaburi kwao, huko nyuma ya Otonglo. Alizikwa wakati wa vita vya Keya, watu wakalia, wakanyoa nywele. Uliza mtu yeyote hapa. Mtu kama huyo akishika mtoto mchanga, mtoto hakui."

Elsie aliwatazama wanawake wengine kwenye foleni. Hakuna aliyemwambia Seline anyamaze. Mmoja alikuwa anakaza leso yake, mwingine anahesabu vidole vya miguu yake mwenyewe. Basi Elsie akamvuta mtoto karibu na kifua, akajitwika debe, akapita mbele ya kile kibanda akiangalia chini.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alitoka upande wa Bungoma, alisoma mpaka darasa la saba, na mume wake Masinde alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la simiti la kwenda Busia. Siku nne kwa wiki hakuwa nyumbani. Mtoto alikuwa msichana, akaitwa Nasipwondi kama nyanya yake. Chumba chao cha kupanga kilitenganishwa na kibanda cha yule maiti, Mzee Dishon, kwa bati moja tu. Kwa hiyo kuangalia chini hakukumsaidia kitu. Kila alichofanya yule mzee, Elsie alikisikia.

Kazi ya Mzee Dishon ilikuwa kutengeneza karabai, zile taa kubwa za pampu ambazo wavuvi wa omena huelea nazo ziwani ili samaki wafuate mwanga. Kutoka Dunga na kwingine walimletea zikiwa zimeziba, zimebondeka, kioo kimepasuka, naye akazifungua kipande kwa kipande juu ya gunia. Alibadilisha ngozi ya pampu, akazibua nozeli, kile kitundu kinachopitisha mafuta, kwa waya mwembamba kuliko unywele, akafunga soksi mpya, kile kifuko cha kitambaa kinachotoa mwanga. Kisha alipiga pampu na kuwasha, mchana kweupe, kuijaribu. Taa ilitoa sauti: shhhhhhh.

Hiyo sauti ndiyo iliyomleta Elsie kwake. Nasipwondi alikuwa mtoto wa kulia. Alilia mpaka akawa mwekundu, mpaka majirani wakagonga ukuta. Siku moja mchana analia hivyo, taa ikawashwa upande wa pili wa bati, shhhhhhh, na mtoto akanyamaza kama mtu aliyeitwa jina. Akalala. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu Elsie alibeba kigoda chake akaenda kuketi mlangoni pa kibanda, si karibu sana.

"Karibu, Mama," mzee akasema. Kisha akamwona mtoto mgongoni, akainuka kwenye sanduku, akasimama wima, mkono kwenye paji la uso. "Sajini! Mimi hapana kulala kazini!"

Elsie hakujua la kufanya. "Mzee, huyu ni mtoto."

"Naona. Lakini usiku kucha anatoa amri na mtaa mzima unaamka. Mimi jeshini niliishia lansi-koplo. Huyu ananizidi cheo."

Kuanzia siku hiyo mtoto akawa Sajini. Mzee alimpigia saluti kila asubuhi, alimuuliza habari za kambi, alimkunjia karatasi za sigara zikawa ndege. Lakini Elsie, ambaye alikuwa mtu wa kutazama zaidi ya kusema, aliona jambo moja. Wazee wote huwanyooshea watoto mikono. Huyu aliweka mikono yake magotini, au alitafuta kitambaa akaanza kufuta vioo vilivyokuwa safi tayari. Hata mara moja hakuomba kumbeba. Alijua kinachosemwa bombani. Elsie aliona aibu, lakini naye hakumpa.

Mwezi ulipopita akashindwa kujizuia. "Mzee, ni kweli wanayosema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba... ulizikwa."

"Kweli kabisa," akasema, akiendelea kusokota waya. "Na walinizika vizuri. Walichinja ng'ombe."

Akamweleza. Mwaka wa arobaini na mbili alichukuliwa na Keya, jeshi la Mwingereza, akiwa kijana ambaye hajaoa. Wakampeleka Bama, yaani Burma. Kule hakupewa bunduki sana, alipewa taa. Kwenye mahema ya hospitali, daktari akikata mtu mguu usiku, lansi-koplo Dishon ndiye aliyeshika karabai juu ya kichwa cha daktari, na mwanga ukitetemeka anatukanwa. Ndiyo maana mkono wake hautetemeki hata leo. Kisha akaugua homa ya msituni, akapelekwa India, akalala huko miezi mingi bila kujijua. Nyuma yake barua ikaja kwa chifu: askari huyu amepotelea mtoni, hayuko tena. Jina lilikuwa lake. Nambari ilikuwa ya mtu mwingine. Lakini ni nani kijijini aliyejua nambari?

"Sasa kwetu," mzee alisema, "mtu akifia mbali na mwili usirudi, hawaachi hivyo hivyo. Wanakwenda kuchuma yago. Unajua yago? Ule mti wenye matunda marefu mazito, yananing'inia kama mapaja ya watu. Wanachukua tunda moja, wanalilaza kaburini kama mtu, wanalia, wanafukia. Basi. Imekwisha. Wewe umekufa."

"Na ukirudi?"

"Ndiyo shida. Hakuna aliyepanga mtu arudi."

Alirudi mwaka wa arobaini na sita, na koti refu la jeshi na sanduku la bati kichwani, ndani yake karabai aliyonunua Bombay kwa ajili ya mama yake. Mama ndiye aliyemwona kwanza pale langoni. Alikimbia, lakini hakumkimbilia. Aliingia nyumbani akafunga mlango. Wazee wa ukoo wakatoka. Hawakumpiga wala kumtukana. Walimwonyesha kaburi lake kwa adabu, kama unavyomwonyesha mgeni choo. Liko nje ya ua, upande wa lango, kwa sababu alikuwa kapera. Wakasema aliyezikwa hapiti langoni, akipita anawavuta wengine wamfuate. Labda yago lifukuliwe. Lakini lifukuliwe na nani? Mtu wa ukoo akilifukua, lile shimo linamtaka yeye. Na mwenye kaburi hawezi kujifukua mwenyewe.

"Ukafanya nini?"

"Nikasema, basi, mimi sibembelezi mtu. Lakini siendi mbali. Nitakaa hapa Kisumu, mahali mtakaponisikia kila siku kwamba niko hai."

Kutoka Nyalenda mpaka kwao ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na kwa miaka arobaini na miwili hakukanyaga ndani ya ua. Alianza kazi kwenye baraza la duka la Mhindi, akatoka hapo na vifaa vyake mwenyewe. Alioa mjini, mwanamke Msamia. Mkewe alipofariki, ndugu zake walikuja kumchukua wakamzike kwao, kwa sababu mume hakuwa na boma la kumzikia mke. Mdogo wa Dishon, Ouma, ndiye pekee aliyeendelea kuwa ndugu. Kila siku ya soko walikutana Otonglo, kando ya barabara ya Busia, wakala samaki kwenye sahani moja. Barabarani hakuna lango, mzee alisema. Mama yao alipofariki mwaka wa sitini na moja, ni Ouma aliyekuja kumwambia, na Dishon akaenda akasimama barabarani na koti lake la jeshi, akasikiliza mama yake akizikwa ng'ambo ya ua. Hakuruhusiwa kutupa hata konzi moja ya udongo.

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, na Elsie akaona taya limekaza. "Nilitii amri nyingi katika maisha yangu, nyathina, mwanangu. Hiyo ndiyo ninayojutia."

Wakati mwingine huko kuzikwa alikugeuza kuwa silaha. Watu wa Nyalenda bado walisimulia jinsi askari wa kanjo, wale wa manispaa, walivyokuja na nyundo kubomoa vibanda vyote vya ile njia. Wenye vibanda walikimbia na mali zao. Mzee Dishon aliwasha karabai zote alizokuwa nazo, tisa, saa nne asubuhi, akaketi katikati yake.

"Mzee, toka!"

"Mimi ni maiti. Maiti hatolewi na kanjo, hutolewa na jamaa zake. Uliza wazee wako nyumbani kaburi langu liko wapi, kisha urudi uniguse."

Yule askari alikuwa kijana wa huko huko Seme, kwao Mzee Dishon. Alishusha nyundo polepole, akawaambia wenzake kibanda hiki kimepimwa vibaya, tutarudi. Hawajarudi mpaka leo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Elsie aliligundua polepole. Karabai hazikuwa za wavuvi peke yao. Mtu akifa, matanga yanahitaji mwanga, na hakuna aliyekuwa na taa nzuri kama za Mzee Dishon. Walikuja kutoka Kaloleni, kutoka Dunga, hata kutoka kijiji chake mwenyewe, wakaazima. Yeye aliyekatazwa matanga ndiye aliyekuwa akiangazia matanga ya kila mtu. Aliwapa bila maneno, akawaambia tu wasipige pampu kupita kiasi.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, siku ya jua kali, kijana mmoja mwenye suruali nyeusi alisimama mbele ya kibanda. Alikuwa Dalmas, mtoto wa kwanza wa Ouma. Elsie alikuwa kwenye kigoda chake, ananyonyesha. Dalmas alivua kofia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Mbona uso hivyo?"

"Baba Ouma ametuacha. Jana alfajiri. Kifua."

Mzee aliweka chini bisibisi. Aliiweka sawasawa na bisibisi nyingine, akazipanga tena kwa urefu, ndefu mpaka fupi. Mtoto akaacha kunyonya, akageuka kumtazama.

"Tunazika keshokutwa," Dalmas akasema. "Wazee wamenituma. Tunaomba karabai mbili za matanga."

"Mbili."

"Ndiyo, Baba. Na wamesema..." Kijana alikunja kofia mikononi. "Wamesema taa ziende, mwenyewe abaki. Unajua mila. Mimi si mwenye maneno hayo."

"Wewe ni mwenye miguu iliyoyaleta." Mzee aliinuka. Kiswahili chake, kama kawaida akikasirika, kilirudi jeshini. "Ambia wao hivi: taa yangu hapana tembea bila mimi. Mama yangu nilisikiliza kutoka barabarani. Ndugu yangu hapana! Kesho saa nane mchana, mimi niko langoni. Kwisha. Geuka nyuma!"

Dalmas aligeuka kweli, kama mwanajeshi, akaondoka bila kuvaa kofia.

Jioni hiyo Masinde alikuwa nyumbani. Elsie alimweleza wakati anampakulia ugali. "Kesho mnapita Otonglo. Mzee hawezi kubeba karabai mbili peke yake. Zikitikiswa, soksi inavunjika."

"Na wewe unataka kwenda."

"Nataka kushika moja."

Masinde alitafuna kwanza. "Dereva atauliza kwa nini tunabeba maiti," akasema, kisha akacheka mpaka Elsie akampiga na mwiko.

Asubuhi Seline alimkuta akifunga mtoto mgongoni. "Umepotea akili! Ukivunja mwiko, chira itamkamata mtoto wako, akonde mpaka afe!"

"Seline, mimi ni Mbukusu," Elsie akasema. "Chira yenu hainijui." Alisema kwa ujasiri, lakini akaangalia mara mbili kama leso imekaza.

Kabla ya lori kuja, alimwona mzee akifanya kitu. Alifungua kila karabai, akatoa nozeli, vile vipande vya shaba vidogo kama punje ya mahindi, akavitia kwenye mfuko wa shati, nyuma ya medali zake mbili. Kisha akafunga taa kama kawaida. Akavaa kofia yake na lile koti la jeshi, pamoja na joto lote la mwezi wa pili.

Lori liliwashusha Otonglo. Mzee alisimama kidogo mbele ya kibanda cha samaki ambako yeye na Ouma walizoea kula, mwenye kibanda akainuka akamshika mkono. Kisha wakaingia njia ya vumbi, mzee mbele na karabai moja, Elsie nyuma na nyingine, mtoto amelala.

Vilio walivisikia kabla ya kuona ua. Langoni walikuwa wanaume kama kumi na wawili. Aliyekuwa mbele ni mzee wa ukoo, mrefu, koti la suti na miguu mitupu, na fimbo ameiweka kwa kulala njiani.

"Dishon," akasema. "Tunakuheshimu. Tumekuwekea kiti hapa nje, na chai inakuja. Taa wape vijana."

"Wachukue."

Elsie alishangaa, lakini mzee alikwisha kuweka karabai yake chini, akamwashiria naye aweke. Vijana wawili wakazichukua, wakaingia nazo. Ua mzima ukangoja. Pampu ilisikika, kibiriti kikasikika, kimoja, kingine. Mtu akalalamika. Pampu tena. Harufu ya mafuta ya taa ikafika mpaka barabarani. Mwishowe mmoja wao alirudi langoni, mikono inanuka.

"Haziwaki."

"Haziwezi," Mzee Dishon akasema. Aligusa mfuko wake wa shati. "Roho ya taa iko hapa. Wamekuja wageni kutoka Asembo na Gem, kiza kinaingia saa moja, na marehemu ni mtoto wa mama yangu. Mnataka alale gizani, ni nyinyi. Mnataka mwanga, mwanga unaingia na miguu yake miwili."

"Unatutia kamba shingoni, Dishon!"

"Nyinyi mlinitia udongo."

Kelele zikaanza, kila mtu na lake. Wengine walisema azibwe mdomo, wengine walisema hata hivyo ana haki. Ndipo Perez, mjane wa Ouma, alipotoka ndani. Alikuwa amevaa koti la mume wake, limegeuzwa ndani nje kama desturi ya wajane, sauti imekwisha kwa kulia. Wanaume wakampisha.

"Mume wangu alikula na huyu kila siku ya soko," akasema. "Kila siku ya soko alirudi ananiambia, Perez, siku moja ndugu yangu atakula hapa. Aliyelala ndani ameniachia hilo. Litoeni lile yago."

"Mama," mzee wa ukoo akasema, sasa polepole, "nani alitoe? Nitaje nani hapa? Mwanao Dalmas?"

Dalmas aliangalia viatu vyake.

"Unaona. Hakuna wa ukoo." Mzee wa ukoo aliinua fimbo yake kutoka njiani, akaiegemea, na ghafla alionekana mchovu tu, mtu ambaye hajalala siku mbili. "Angepatikana mtu asiye wetu, mwenye mkono uliozoea jembe, akubali kwa hiari yake mwenyewe, mimi nisingesema neno. Hata kikibaki kipande cha yago, hata ukibaki udongo mweusi tu, ukitoka, umetoka. Lakini mgeni gani atakubali kushika kaburi la mtu?"

Elsie alitazama kule kando ya lango. Aliliona: tuta la chini, limefunikwa na majani makavu, mnyaa mmoja umeota kichwani. Lilikuwa dogo. Kwa jembe zuri ni kazi ya saa moja, labda na nusu, akawaza, kwa sababu udongo wa huku ni mwepesi kuliko wa kwao, ambako alilima tangu akiwa na miaka saba. Aliwaza hivyo kabla hajajua kwamba anawaza. Mtoto aliamka mgongoni, akanyoosha mkono, akashika nywele zake.

Alipoinua macho, Mzee Dishon alikuwa anamtazama. Kofia ameivua. Jasho lilikuwa linateremka kutoka kwenye kola ya lile koti zito, lakini mikono yake, ile iliyokaa magotini miezi sita yote, sasa ilikuwa imenyooshwa mbele, wazi, na haikutetemeka.

Elsie akaanza kufungua fundo la leso.

"Nyathina," mzee akasema. "Nipe Sajini nimshike mimi. Wewe chukua jembe, unifukue."